Fyuzi Iliyokufa Mara Tano

Geji zilisema gari ni zima, na hilo ndilo lililomkera Walubengo.

Alikuwa ameinama chini ya boneti tangu saa mbili asubuhi, hapo kwenye kibanda chake cha mabati mtaani Kibomet, mipira ya geji imechomekwa kwenye mabomba ya AC. Presha ya chini, sawa. Presha ya juu, sawa. Alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, akakodoa macho akingoja kipovu kimoja tu kivimbe ili aseme gesi inavujia hapa. Wapi! Alipochomeka kipimajoto kwenye tundu la hewa mbele ya dereva, kilishuka mpaka nyuzi sita na kutulia.

"Mshukiwa amekataa kuongea," alisema akijifuta mikono.

"Hiyo ni gari, afande," alisema Wanyonyi, dereva wa gari hilo.

"Nyamaza. Hata wewe ni mshukiwa."

Walubengo alikuwa sajini wa upelelezi kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu akajifunza kutengeneza AC za magari, jambo ambalo mkewe, Jentrix, aliliita wazimu mtupu. Kitale hii, ambako watu hushinda na sweta mpaka saa nne asubuhi, utamuuzia nani baridi? Walubengo hakujali. Alikuwa na daftari aliloligawa kama kitabu cha matukio cha kituo, saa, mlalamikaji, mshukiwa, na kila gari lililoingia pale liliandikwa humo hata kama tatizo lilikuwa mkanda uliolegea.

Kesi hii mlalamikaji alikuwa Kishore, mwenye duka la spea mjini Kitale na tawi lake Bungoma. Mwaka mpya ulipoingia, Kishore alimnunulia mama yake gari jeupe la Kijapani lenye AC, maana daktari alisema vumbi linamharibia kifua. Kila Alhamisi mama huyo, Bi Kaushalya, husafiri kwenda kukagua tawi la Bungoma. Alhamisi tatu za kwanza AC ilifanya kazi vizuri. Halafu ikaanza vituko. Ikitoka Kitale inapuliza baridi, ikipita Kiminini inapuliza joto. Fundi wa Bungoma, Kiplangat, akiikagua anakuta fyuzi ya kompresa imeungua. Anaweka mpya, gari linarudi Kitale likiwa baridi, na Alhamisi inayofuata mambo ni yale yale. Mara tano sasa.

Kishore mwenyewe ndiye aliyelileta gari asubuhi hiyo ya Jumanne, akamvuta Walubengo pembeni.

"Kesho kutwa ni Alhamisi. Ikikufa tena, Wanyonyi anaenda nyumbani."

"Kwa nini Wanyonyi?"

"Siku ya kwanza alisema AC inakunywa petroli. Ya pili akasema inaleta homa. Mtu kama huyo unamwachia gari, unangoja nini?"

"Hayo ni maneno, Bosi. Ushahidi uko wapi?"

"Ushahidi wewe ndiyo utaniletea," alisema Kishore, akaondoka akikunja mikono ya shati.

Wanyonyi alikuwa ameiendeshea familia hiyo gari miaka kumi na mmoja. Mke na watoto wanne walikuwa Sirisia, na wote walikula kupitia usukani ule. Alikaa juu ya tairi kuukuu aliloonyeshwa, magoti yamebanana, akaonekana ana hatia hata kabla ya kuulizwa lolote.

"Jina?" aliuliza Walubengo.

"Ai, si tulisoma darasa moja, bana."

"Jina!"

"Wanyonyi."

"Ulisema AC inakunywa petroli?"

"Nilisema. Lakini kila mtu anasema!"

Walubengo alifungua kikasha cha dashibodi, akachomoa filta ya hewa iliyo nyuma yake, akaitikisa juu ya gazeti. Vumbi likamwagika, nyasi kidogo, kisha kitu kingine. Alikinyanyua kwa plaizi akakileta mpaka puani mwa dereva. Ulikuwa unyoya wa kahawia.

Wanyonyi akaanza kutokwa na jasho. "Kuku wawili tu, afande. Nilikuwa napelekea mama mkwe."

"Kwa gari la Bosi."

"Kwa gari la Bosi."

"Siku gani?"

"Jumamosi. Wiki mbili zimeisha."

"Walikaa wapi?"

"Kiti cha nyuma. Niliwawekea gunia."

"AC ilikuwa inafanya kazi?"

"Vizuri sana. Mmoja alitetemeka mpaka nikafikiri ni ugonjwa."

Walubengo aliandika kwenye daftari: *Kuku, wawili. Hawahusiki.* Kisha akapiga mstari chini ya neno Jumamosi, kwa sababu lilikuwa limemgusa. Jumamosi ile gari lilikwenda Sirisia na kurudi, mashimo na vumbi tele, na AC haikukohoa.

Alirudi kwenye boneti na kuunga mita kwenye waya wa kompresa. Aliacha injini ingurume nusu saa nzima. Akatikisa waya, akauvuta, akaupinda, hata akaumwagia maji. Fyuzi ile ilikuwa ya ampia kumi, na kompresa ilikula ampia nne tu, haikupanda wala kushuka.

"Kiplangat alisema ni shoti," alisema Wanyonyi kwa matumaini.

"Shoti haijui leo ni Alhamisi," alijibu Walubengo. "Shoti haiangalii kalenda. Haisemi Jumamosi nimwachie Wanyonyi apeleke kuku, Alhamisi nichome. Anayejua Alhamisi ni binadamu."

Binadamu mwenye funguo za gari alikuwa mmoja tu, na alikuwa amekaa juu ya tairi.

Walubengo alimpigia simu Kiplangat, na hakumpa hata nafasi ya salamu.

"Fyuzi ulizotoa, ulipeleka wapi?"

"Sasa, afande? Habari ya Kitale?"

"Fyuzi!"

"Si nilimpa dereva. Kila mara nampa mkononi."

"Kweli," alidakia Wanyonyi. "Bosi alisema nisitupe, ati ni ushahidi. Naweka kwa ashitrei."

"Zote tano?"

"Zote. Naapa."

Walubengo alivuta ashitrei, kile kidroo cha majivu ya sigara, polepole. Ndani mlikuwa na kijiti cha meno, karatasi ya peremende, na fyuzi moja nyekundu iliyoungua. Aliigeuza kwenye kiganja. Kona yake moja ilikuwa imemeguka.

"Hesabu," alimwambia Wanyonyi.

"Moja."

"Hesabu tena."

"Afande, hata nikihesabu mpaka jioni ni moja."

"Vifo vitano, maiti moja," alisema Walubengo, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile alitabasamu. Aliinua simu tena. "Kiplangat, hizo fyuzi ulizotoa, uliona kona imemeguka?"

"Sasa umesema. Ya wiki jana ilikuwa imemeguka. Na ile ya mbele yake. Mimi nikadhani hiyo kampuni inazitengeneza hivyo."

"Ukaziona mara tano na hukushangaa?"

"Afande, mimi hulipwa kuweka mpya. Sikulipwa kushangaa."

Walubengo alikata simu. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe. Fyuzi ikishaungua imeungua, haifufuki ikaungua tena wiki ijayo. Basi kila Alhamisi kuna mkono unaochomoa fyuzi nzima, unachukua hii mfu kutoka kwenye ashitrei, unaiweka mahali pake. Kiplangat anaitoa, anampa Wanyonyi, Wanyonyi anairudisha kwenye ashitrei, na mkono unaikuta pale pale ukiihitaji tena. Na mkono huo si wa mjinga. Ungekuwa wa mjinga ungekata waya.

"Sanduku la fyuzi liko wapi kwa gari hili?" aliuliza, ingawa alijua.

"Pale chini, karibu na goti la abiria wa mbele."

"Na Alhamisi abiria wa mbele ni nani?"

"Mama. Akikaa nyuma anatapika." Kisha Wanyonyi aliinuka kwenye tairi lile kama mtu aliyeona nyoka. "Afande, hapana! Mama ana miaka sabini na mbili! Usiseme hilo jambo, hata kwa utani. Heri mimi nifukuzwe."

"Na watoto Sirisia watakula heshima yako?"

Wanyonyi akarudi kukaa.

Mpelelezi mzuri hamshtaki mama wa mwenye gari kwa kukisia. Jioni ile Walubengo aliiba kichupa cha rangi ya kucha cha Jentrix, ya kijani, akatia nukta ndogo chini ya fyuzi mfu, akaipuliza ikakauka, akairudisha kwenye ashitrei. Jentrix alipouliza kwa nini mume wake ana kijani kwenye kidole gumba, aliambiwa ni siri ya upelelezi. Aliguna tu, akaenda kuficha vichupa vingine.

Alhamisi saa tatu asubuhi Bi Kaushalya alitoka nyumbani na mkoba mkubwa mweusi, akamkuta Walubengo amekaa kiti cha nyuma na sweta mbili.

"Wewe ni fundi ama ni polisi?" aliuliza.

"Fundi, Mama. Naomba lifti mpaka Bungoma, nikanunue gesi."

"Hm," alisema Mama, akaketi mbele.

Walitoka Kitale baridi ikipuliza kweli kweli. Vioo vyote vinne vilikuwa vimefungwa, na nje vumbi la Februari lilipita bila kuwagusa. Wanyonyi alishika usukani kwa mikono miwili. Kila baada ya kilomita moja aliangalia tundu la hewa, na midomo yake ilikuwa ikisogea. Alikuwa anaomba.

Walipofika Kiminini, Mama akagonga dashibodi.

"Wanyonyi, simama. Niletee njugu."

"Ndio, Mama."

"Na wewe fundi, niletee gazeti."

Walubengo alikuwa amejiapia asitoke ndani ya gari hata kwa bunduki. Lakini ukiambiwa niletee gazeti na mama wa miaka sabini na mbili, miguu hutoka yenyewe. Alikwenda, akanunua, akarudi mbio akihema. Hakuwa amemaliza dakika tatu.

Waliondoka. Mita mia mbili mbele, hewa ikabadilika. Feni ilipuliza kwa nguvu zile zile, ila ilichopuliza sasa kilikuwa joto.

"Imekufa," alinong'ona Wanyonyi. "Mungu wangu, imekufa."

"Egesha kando," alisema Walubengo.

Alizunguka, akafungua mlango wa mbele, akapiga goti kwenye nyasi karibu na viatu vya Mama na kufungua kifuniko cha sanduku la fyuzi. Alichomoa ile nyekundu. Kona imemeguka. Chini yake, nukta ya kijani.

Akasimama wima, akakohoa, akatoa daftari. "Mama Kaushalya, ni wajibu wangu kukujulisha kwamba una haki ya kunyamaza."

"Sijanyamaza miaka sabini na mbili, nianze leo?" Mama alifungua mkoba, akatoa fyuzi nzima aliyoichomoa, akaiweka juu ya daftari lake. "Na hiyo rangi yako niliiona. Unafikiri sioni? Nimeuza fyuzi kwa kaunta miaka arobaini."

"Uliiona, na bado ukaiweka?"

"Sasa ningefanya nini? Kamukuywa inafika!"

Walubengo alimtazama Wanyonyi, Wanyonyi akatazama barabara. Walubengo hakuelewa.

"Pale soko ya Kamukuywa," alisema Mama, "kuna mwanamke anauza mboga, anaitwa Nakhungu. Mimi na yeye tunasalimiana kutoka mwaka wa sitini na nane. Marehemu mzee wangu akiendesha, sisi tunasalimiana. Mulembe, mulembe muno. Ananiuliza watoto, namuuliza ng'ombe, tunalia magoti kidogo, basi, naenda. Kila Alhamisi. Halafu Kishore ananunua hii friji! Anamwambia Wanyonyi, AC ikifanya kazi hakuna kufungua dirisha, vumbi itaua Mama. Na huyu anashika amri kama askari jela. Amefunga vioo zote na swichi yake. Mimi nabonyeza hapa, kioo haisikii."

"Ni amri ya Bosi, Mama," alisema Wanyonyi kwa sauti ndogo.

"Amri! Alhamisi ya kwanza Nakhungu alinipungia mkono, mimi nikapunga, lakini kioo ni nyeusi, aliona kivuli tu. Ya pili alisimama tu, ananiangalia. Ya tatu..." Mama alimgeukia Walubengo. "Wewe ulikuwa polisi. Gari nyeupe, vioo imefungwa yote, inaenda pole pole, ndani kuna mzee amekaa wima hasongi kwa sababu ya baridi. Hiyo ni gari ya nini?"

"Ya maiti, Mama."

"Ndio! Soko yote ilisimama kando ya barabara, wanawake mikono kwa kichwa! Nawaona kabisa, wananililia, na mimi niko ndani nagonga kioo! Wiki iliyofuata nikatoa fyuzi, nikaweka mbovu ya dukani. Nikamwambia Wanyonyi, AC imekufa, fungua dirisha. Akafungua. Nakhungu kuniona, alipiga nduru akatupa mboga yote akakimbia. Mpaka wamkamate! Walikuwa wamelia siku mbili. Dada yake alikuwa ameshanyoa kichwa."

Walubengo alijitahidi kukaza uso. Alishindwa. Ilibidi ajifanye anaandika.

"Ungemwambia Kishore," alisema alipopata pumzi.

Mama hakucheka. "Kishore aliuza shamba ya baba yake kununua hii gari. Anaambia kila mteja, mama yangu sasa anapumua. Mimi nimwambie, mtoto wangu, zawadi yako imenizika? Nani anaweza kusema hiyo?" Alijipangusa jicho kwa ncha ya sari, kwa hasira, kana kwamba ni jicho lililomkosea. "Heri iseme fyuzi."

"Na Wanyonyi je?"

"Wanyonyi amefanya nini?"

Simu ya Walubengo ililia, na alikuwa na ile simu ya bei rahisi ambayo ukiongea na mtu gari zima linasikia.

"Imekufa?" Ilikuwa sauti ya Kishore.

"Imekufa, Bosi, lakini..."

"Wapi?"

"Tumepita tu Kiminini, lakini sikiliza..."

"Basi. Nilijua. Mwambie Wanyonyi akifika Bungoma aache funguo kwa duka. Barua yake ya kufutwa iko hapa kwa meza yangu, nimeshaweka sahihi. Pole, lakini nimechoka na huyo mtu."

Wanyonyi alisikia kila neno. Alilaza paji la uso juu ya usukani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mama alimtazama, kisha akamtazama Walubengo, na taratibu akaelewa.

"Lete hiyo simu," alisema.

Walubengo akampa.

"Kishore. Wewe unafuta nani?"

"Mama? Mama, hiyo ni mambo ya kazi, usijisumbue."

"Fyuzi natoa mimi."

"Nini?"

"Mimi. Na huu mkono. Alhamisi sita, Wanyonyi akinunua njugu. Zile nzuri ziko hapa kwa mkoba wangu, nitarudisha kwa duka."

"Mama, lakini kwa nini?"

"Kwa nini nitakuambia jioni, ukishakula. Utalia kidogo, halafu utacheka. Saa hii nataka hiyo barua. Ichane."

"Sawa, Mama. Nitaichana. Kuna wateja hapa, ngoja kidogo..."

"Chana sasa. Mimi nasikiliza."

Simu ilikwaruza. Kukasikika karatasi ikipasuka, *chraa*, ndefu na laini. Wanyonyi aliinua kichwa. Walubengo alishusha pumzi na kufunga daftari.

Mama alikuwa bado ameinamisha sikio, macho yamefumbwa. "Hiyo ni gazeti, Kishore."

"Mama..." alisema Kishore.

"Nimefunga spea na gazeti miaka arobaini. Unanidanganya mimi na sauti ya gazeti? Chana barua."

Kisha akaitoa simu sikioni mwake, akanyoosha mkono na kuikandamiza kwenye sikio la Wanyonyi. Dereva alikaa bila kupumua. Karatasi ya barua ni ngumu, na ilipopasuka ilitoa mlio mfupi na mkavu. Ikapasuka mara ya pili. Ikapasuka ya tatu, pole pole, kama mtu anayetaka asikike vizuri, na kutoka mbali sauti ya Kishore ikasema, "Wanyonyi, samahani."

Machozi yalimtiririka Wanyonyi mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Imechanika?" Mama alimuuliza.

"Imechanika, Mama."